Bowling Green, Kentucky: upange mjini, uende Smiths Grove, au uvuke mpaka wa Tennessee?

Shemeji yangu yuko Phoenix mwaka wa sita sasa, joto limemchosha na kodi ya nyumba imemchosha zaidi, juzi kanipigia usiku anasema shemeji tunakuja huko kwenu mwezi wa sita, nitafutie nyumba. Nikamuuliza wapi. Akasema Bowling Green, kwani wapi tena. Nikamwambia hilo ni jibu la ramani, mi nauliza upande gani, na mama yako anakuja au anabaki? Akanyamaza kidogo, akasema anakuja, kwani mama anahusikaje na nyumba.

Anahusika sana na nitafika hapo.

Hili swali naulizwa kila baada ya muda na watu wetu, Wakongo wa Uvira na Fizi, Warundi, wale tuliokaa wote kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sa hivi wametawanyika Texas, Arizona, Ohio, wanasikia Kentucky kazi zipo na nyumba nafuu basi wanakodi lile lori wanapakia magodoro. Ndo maana naandika hapa mara moja ili nisirudie kwenye simu. Mi nimeishi apatimenti upande wa Morgantown Road miaka mitatu, nikahamia Smiths Grove miaka miwili, nikarudi mjini. Franklin na Portland, vimji vya kusini yetu, sijalala lakini wenzangu wa shifti wanakaa huko na stori zao nazijua mpaka nimechoka nazo.

Kwanza mji wenyewe. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 72,000 na kidogo, ni wa tatu Kentucky baada ya Louisville na Lexington, ila ukitokea Phoenix utaona kama makao makuu ya wilaya fulani hivi. Haiwei ya I-65 inapita pembeni, ukishuka kusini Nashville ni kama saa moja, ukipanda kaskazini Louisville karibu saa mbili. Na tahadhari ndogo, saa zetu ni za Nashville, Louisville wako mbele saa moja, kwa hiyo ukipewa miadi kule saa nne asubuhi we kwako ni saa tatu, watu wameshakosa miadi muhimu kwa hili. Kazi nyingi ni viwanda: magari ya Corvette yanatengenezwa hapa tangu 1981, kuna viwanda vya vipuri vya magari, maghala, na lile eneo la viwanda linaitwa Kentucky Transpark kaskazini ya mji kuelekea kimji cha Oakland. Wengine wanapanda van za kuchangia mpaka kiwanda cha kuku Ohio County. Kumbuka hizo pande mbili, Transpark na Ohio County, maana ziko pande tofauti kabisa na nyumba iliyo karibu na moja iko mbali na nyingine.

Sasa mjini. Nikisema mjini namaanisha ndani kabisa, Morgantown Road, Russellville Road, Gordon Avenue, Bypass, Old Louisville Road, huko ndo utakuta watu wetu, Wabosnia waliotangulia tangu miaka ya 90, Waburma, watu wa Amerika ya Kusini na wazawa wenyewe. Uzuri wake ni kwamba maisha yako karibu. Duka lenye unga wa muhogo na sombe (kisamvu) ya kugandisha na ndagala wakavu unafika kwa dakika kumi, kuna basi la mji (si la kutegemea kwa kazi, shifti ya tatu ya usiku halikujui, lakini mtu asiye na leseni anafika kliniki na dukani), ofisi ya International Center, shirika la wakimbizi waliotupokea wengi wetu, ipo hapohapo, na Jumapili kanisa la Kiswahili unaenda na sufuria ya chakula mapajani bila kumwagika.

Ubaya wa mjini ni nyumba zenyewe. Apatimenti nyingi wana kanuni yao ya watu wawili kwa chumba kimoja, sa we una watoto sita, mke, mama, jumla tisa, hapo wanataka uchukue vyumba vinne au vitano na apatimenti ya vyumba vinne kuipata ni kama kutafuta sindano mchangani. Za vyumba vitatu zipo chache na zikitoka zinaondoka wiki hiyohiyo. Alafu wanataka kipato mara tatu ya kodi, na historia ya krediti (rekodi yako ya kukopa na kulipa), na ada ya aplikesheni kwa kila mtu mzima, hairudishwi hata wakikukataa. Mi mwaka wa kwanza nililipa hiyo ada sehemu tatu, zote wakanikataa kwa sababu krediti yangu ilikuwa haipo, yani si mbaya, HAIPO, nilivyouliza mbona hamkuniambia kabla sijalipa yule dada wa ofisini akaniangalia tu. Siku hizi nawaambia watu piga simu kwanza, uliza mnakubali mtu asiye na krediti akiongeza depoziti, ndio au hapana, wakisema "tuma tu aplikesheni tutaona" kata simu.

Na kuna mtego mwingine, nyumba za wanafunzi. Chuo kikuu cha WKU (Western Kentucky University) kiko juu ya kilima katikati ya mji na kumezungukwa na majengo mazuri mapya, kwenye mtandao unaona bei ya chini unashangilia, kumbe hiyo bei ni ya chumba kimoja au kitanda kimoja, vyumba vinne vinne na kila mwanafunzi anasaini peke yake. Binamu yangu mmoja alishapiga mahesabu ya samani kabla hajagundua.

Shule mjini ni mbili ndani ya moja. Kuna shule za mji (Bowling Green Independent) na kuna shule za kaunti (Warren County), na mpaka wa shule haufuati mpaka wa mji, unaweza kuwa na anwani ya Bowling Green, ukatupa taka Bowling Green, na mtoto akaenda shule ya kaunti, mtaa huu hivi, ng'ambo ya barabara vile. Kabla ya kusaini mkataba piga simu ofisi za shule zote mbili uwape anwani kamili. Kwa kijana aliyefika juzi Kiingereza hana na ana miaka 16, mi ningetaka awe upande wa kaunti kwa sababu wana GEO International, sekondari ndogo ya wageni ndani ya eneo la Warren Central, wanajua mtoto aliyerukaruka madarasa kambini anaanzia wapi. Kwa watoto wadogo sijaona tofauti ya kukufanya uhame nyumba.

Haya, Smiths Grove.

Hiki ni kimji kaskazini mashariki, unatoka I-65 kwenye eksiti 38, watu hawafiki 1,000, nyumba kubwa za zamani zenye baraza mbele, maduka ya vitu vya kale, reli inapita katikati. Tulipata nyumba ya vyumba vinne, uwanja wa nyuma unaotosha kulima, kwa kodi ileile niliyokuwa nalipa vyumba viwili Morgantown Road. Mwenye nyumba mzee wa hapohapo, hakuuliza krediti, aliniuliza nafanya kazi wapi na nasali wapi, tukashikana mikono. Mi kazi yangu iko Transpark kwa hiyo kwangu ilikuwa karibu zaidi kuliko mtu anayekaa kusini ya mji, maili tisa tu na hamna foleni. Basi la shule linachukua watoto mlangoni. Nikasema Mungu amekumbuka.

Lakini mke wangu alikuwa anafanya kazi hoteli moja Scottsville Road, upande wa pili wa mji, maili kama 18 kwenda. Piga hesabu: 18 mara mbili mara siku 22 ni karibu maili 800 kwa mwezi, gari linalokula galoni moja kwa maili 25 hapo ni galoni 32, zidisha na bei ya mafuta ya kwenu. Na hiyo ni gari la pili, na inshuransi ya pili, na matairi, maana kazi zetu zilikuwa pande tofauti. Nafuu yote ya kodi ikaondokea hapo. Hilo tungeweza kulivumilia.

Ambalo sikulipigia hesabu ni mama yangu. Mama haendeshi, Kiingereza anajua "thank you" na "no". Mjini alikuwa na mabibi wenzake watatu kwenye jengo moja, wanakaa ngazini wanachambua maharage, wanasengenya, wanaenda dukani na basi wakirudi wamebeba kuku mzima. Smiths Grove tunaondoka wote saa kumi na moja na nusu asubuhi, watoto saa moja, anabaki. Kuna siku nilirudi mapema, nikamkuta barazani amekaa na shali, nikamuuliza mama habari za leo, akasema yamepita matatu. Matatu nini? Matreni. La kwanza refu sana, nikahesabu mabehewa nikafika tisini na mbili nikapotea. Alisema hivyo kawaida tu kama anavyoniambia chumvi imeisha. Usiku ule mimi na mke wangu tukaanza kuangalia nyumba mjini.

Kwa haki niseme na hili, bustani ilikuwa tamu. Lengalenga (mchicha), mahindi, maboga ya kula majani, udongo mwekundu kama wa Kasulu, majirani wanapita wanauliza hayo majani mnafanyaje, bibi mmoja jirani alikuwa anatuletea keki na mama anamrudishia sahani na lengalenga zilizopikwa na karanga, hawakuwahi kuelewana neno hata moja na waliagana wanalia. Kwa hiyo sisemi kijijini kubaya. Nasema kijijini kunataka kila mtu mzima wa nyumba awe na leseni, au asiyekuwa nayo awe anapenda ukimya kweli, si anayesema anapenda ili asikusumbue.

Vitu vingine vya nje ya mji ambavyo mtu wa apatimenti hajui kuuliza. Choo kinaenda kwenye tangi la chini, septiki, si bomba la mji. Yetu ilirudisha mzigo bafuni wiki ya Krismasi tuna wageni kumi na wanne, mwenye nyumba akasema ni sisi tumejaza watu, mi nikasema tangi halijanyonywa miaka, tukavutana mpaka Januari, mkataba wenyewe ulikuwa karatasi moja haisemi kitu. Hapo ndo nikajifunza kwamba Kentucky sheria ile ya wapangaji na wenye nyumba inafanya kazi pale tu ambapo mji au kaunti imeipitisha, Louisville na Lexington wamo, sehemu nyingi za jimbo hazimo. Sasa ukisikia mtu wa Louisville anakwambia "sheria inasema mwenye nyumba lazima afanye hivi" usiibebe ukaileta huku, kilichoandikwa kwenye mkataba wako ndicho utakachoshika. Andikeni nani ananyonya tangi, nani anakata majani, nani anajaza gesi.

Na ardhi. Chini ya huku kote ni mawe ya chokaa yenye mapango, ndo maana Mammoth Cave iko hapo jirani, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Februari 2014 sakafu ya jumba la makumbusho ya Corvette ilititia alfajiri ikameza magari manane, kamera zilirekodi, kaangalie. Kwa hiyo nyumba ya nje ukiona shambani kuna bonde la duara kama bakuli, uliza mvua kubwa ikinyesha maji yanasimama mpaka wapi, na muulize jirani usimuulize dalali. Kama unanunua kumbuka inshuransi ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, hiyo unakata peke yake.

Franklin sasa. Iko kusini, kama maili 20, watu 10,000 na kidogo, ina hospitali yake ndogo, viwanda vyake, na ukipata kazi hukohuko ni pazuri tu kwa familia, patulivu, unapaki popote. Shida ni mtu anakaa Franklin kwa ajili ya kodi ya nyumba halafu kazi Bowling Green, kanisa Bowling Green, duka letu Bowling Green, yani anakuwa amepanga kitanda tu. Sina mengi.

Yenye mengi ni Portland, ng'ambo ya mpaka upande wa Tennessee, maana hapo watu wanadanganyana sana. Wanasema Tennessee hamna kodi ya mshahara, twendeni. Ni kweli Tennessee haikati mshahara. Ila ukilala Portland ukafanya kazi kiwandani Kentucky, Kentucky inakata kodi yake kwenye mshahara uliopata Kentucky, haijali unalala wapi. Na ile kodi ndogo ya mji wa Bowling Green inayokatwa kwenye mshahara inafuata mahali unapofanyia kazi, kwa hiyo hata anayekaa Smiths Grove akifanya kazi ndani ya mji inamkuta. Utafaidi Tennessee kama kazi nayo iko Tennessee, maghala ya huko Portland yenyewe au kuelekea Gallatin. Alafu chakula: Kentucky unga, mchele, mafuta ya kupikia havina kodi dukani, Tennessee vina, asilimia 4 ya jimbo na ya mji juu yake. Kwa watu tisa wanaokula ugali mara mbili kwa siku hiyo si hela ya kudharau. Kwa upande mwingine Kentucky kila mwaka unalipia gari kodi kama mali, Tennessee haipo, mwenye magari matatu atanikumbusha.

Ila kubwa kuliko yote hayo ni kadi ya matibabu. Kentucky ilipanua Medicaid, ile bima ya matibabu ya serikali kwa wenye kipato kidogo, tangu 2014, mtu mzima mwenye kipato kidogo anaweza kuingia hata kama hana mtoto, ilimradi karatasi zake za uhamiaji zinakubalika. Tennessee haikupanua. Watoto pande zote mbili wana njia zao, lakini kijana wako wa miaka 22 anayepanga maboksi kwa masaa machache hana watoto hana kitu, upande huu wa mstari anaweza kupata kadi na upande ule akakosa kabisa, na ni maili chache tu katikati. Jamaa mmoja wa shifti yetu alihama Franklin kwenda Portland kwa sababu nyumba ilikuwa na gereji, mke wake akavunjika mkono mwezi wa tatu hawana kadi. Gereji ilikuwa nzuri kweli.

Nyumba za trela niziseme haraka maana najua mtauliza. Zipo mjini na nje, ni njia rahisi ya familia kubwa kupata vyumba vitatu bila kusumbuliwa na kanuni ya wawili wawili. Ukinunua unanunua trela, ardhi si yako, kiwanja unalipia kila mwezi na wanaweza kupandisha. Karatasi yake ni taito (hati ya umiliki) kama ya gari, usitoe hata dola mia kabla hujaona taito yenye jina la anayekuuzia na hamna deni juu yake, watu wetu wamelia.

Na tonado, kile kimbunga cha kuzunguka. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021 ilipita hapa kama saa saba usiku, ikaua watu zaidi ya 15 kaunti yetu, wakiwemo watoto, mtaa wa Creekwood ulifutika, nyumba za matofali, si trela. Sisi tulikuwa saba bafuni, mdogo ndani ya bafu na godoro juu yake, mama anaimba kwa sauti ya chini, simu zote zinalia kengele ileile. Kwa hiyo nikisema trela siipendi si dharau, trela hata iliyofungwa chini si mahali pa kubaki siku hiyo, inabidi uwe umeshajua unakimbilia wapi, na saa saba usiku na watoto sita hiyo safari ni ndefu. Popote utakapopanga, siku ya kuangalia nyumba tafuta chumba cha chini kabisa kisicho na dirisha, simama ndani, hesabu watu wenu.

Mkinisukuma niseme kwa kifupi nani aende wapi: wawili vijana, magari mawili, kazi Transpark, mnapenda kulima, nendeni Smiths Grove au Oakland na mtanishukuru. Kazi kiwanda cha kuku, angalieni Morgantown, kimji cha katikati ya safari, kuliko kulala Bowling Green na kuamka saa nane usiku kusubiri van. Mna kazi Tennessee, wote wazima wana inshuransi ya kazini, Portland sawa. Gari moja, au kuna mtu mzima asiyeendesha, au mmefika nchi hii juzi, mjini, hata kama vyumba vitabanana mwaka wa kwanza, mengine mtapanga mkiwa na leseni mbili mkononi.

Shemeji ana gari moja. Mke wake, dada yangu, ana kibali cha kujifunzia tu. Mama yake shemeji ana miaka 68 na anapenda watu. Alitaka nimtumie picha za nyumba moja kubwa nje ya mji yenye miti, nikamtumia, na nikamtumia na dupleksi (nyumba mbili zinazogawana ukuta) ya vyumba vitatu nyuma ya Russellville Road, mwenye nyumba amekubali kwa mdomo na nimemwambia aandike kwamba amekubali watu tisa. Jana kapiga tena, safari hii simu kashika bibi mwenyewe, hakuuliza vyumba wala bei. Aliuliza hapo nyuma kuna kaudongo? Nikaenda kuangalia baada ya kazi. Kuna kipande kando ya ukuta, hatua zangu sita kwa mbili, jua linakaa mpaka mchana. Nimempigia kumwambia aje na mbegu zake, akasema alishazifunga kwenye soksi.